Mabondia bora wa nyakati zote: tuwapange kwa waliowapiga, na hali ya waliopigwa usiku ule

Kona Nyekundu
Wakuu, orodha nyingi za mabondia bora wa nyakati zote huharibika mahali pamoja: mpangaji anaanza na rekodi. Anaona 50-0 (ushindi 50, vipigo 0) ya Mayweather, 49-0 ya Marciano, halafu wengine wote anawashusha kufuata idadi ya vipigo. Rekodi haikwambii ulimpiga nani, wala huyo uliyempiga alipanda ulingoni akiwa katika hali gani.

Utaratibu ninaoutetea ni huu. Mchukue bondia, toa ushindi wake 10 mkubwa, usizidishe. Kwa kila ushindi jibu maswali matano: mpinzani alikuwa na umri gani? Alikuwa kwenye uzito wake au alipandishwa, au alikaushwa mwili ili afike kikomo? Mapambano yake matatu ya kabla yalikwendaje? Alipewa muda gani wa kujiandaa? Na baada ya kipigo hicho aliendelea kuwapiga watu wa maana, au alikuwa ameshakwisha? Kila ushindi unapata alama 0 hadi 4, jumla 40.

Alama 60 zinazobaki: 20 za vipigo vyake mwenyewe (alipigwa na nani, lini, na alirudije), 15 za kutawala uzito wake, 15 za kupanda uzito, na 10 za kile kinachoonekana kwenye filamu. Filamu nimeipa alama chache makusudi, kwa sababu wakongwe wengine hawana filamu kabisa na si kosa lao.

Mikanda ya mashirika ya ngumi isikupofushe. WBA ilipata jina hilo 1962, WBC ikaanza 1963, IBF 1983, WBO 1988. Kabla ya hapo kila uzito ulikuwa na bingwa mmoja, mara chache wawili. Ili kujua mpinzani alikuwa nani hasa, tazama viwango vya kila mwaka vya jarida la The Ring, vilivyoanza 1924. Kabla ya hapo utalazimika kusoma magazeti ya wakati huo.

Nianze na Rocky Marciano na ushindi wake 10, maana ndiye atakayeleta kelele. Joe Louis 1951: ana miaka 37, amerudi kwa sababu ya deni la kodi, alama 1. Walcott 1952: ana miaka 38 lakini ndiye bingwa na anaongoza kwa majaji wote watatu hadi Marciano anamlaza raundi ya 13, alama 3. Walcott wa marudiano, raundi 1: alama 1. Ezzard Charles wa Juni 1954: 3. Charles wa Septemba: 2. LaStarza: 2. Archie Moore 1955: 3, kwa sababu aliendelea kuwa bingwa wa laiti hevi kwa miaka mingine. Layne na Matthews 1 kila mmoja, Savold 0. Jumla 17 kati ya 40.

Raundi15
Mkuu, 17 ni dhuluma. Marciano angefanya nini? Hakumkwepa mpinzani yeyote wa maana wa kipindi chake. Alipigana mapambano 49 akamaliza 43 kwa KO, na usiku wa Septemba 1954 pua yake ilipasuka vibaya kiasi kwamba daktari angeweza kusimamisha pambano wakati wowote. Akammaliza Charles raundi ya 8. Ubora wa namna hiyo unaupa alama wapi?

Kona Nyekundu
Kaka, ule wa pua ndio uliompatia 2 badala ya 1. Angalia lakini Charles mwenyewe. Mwaka 1954 alikuwa na miaka 33 akielekea ukingoni, na mwili wake ulikuwa wa laiti hevi, pauni 175. Kipindi chake cha moto ni 1946 hadi 1950: alimpiga Archie Moore mara tatu, 1946, 1947 na 1948, ya mwisho kwa KO. Hakupewa hata nafasi moja ya kugombea ubingwa wa laiti hevi. Ukimpa Marciano 4 kwa Charles wa 1954, utampa Charles ngapi kwa Moore wa 1948?

Kutopigwa kwa Marciano kunaonekana kwenye zile 20 za vipigo. Pale nimempa zote.

Binti Ulingo
Naunga mkono maswali matano. Ukitaka kuona yanavyofanya kazi, yapitishe kwenye ushindi wa Muhammad Ali dhidi ya George Foreman huko Kinshasa, 30 Oktoba 1974.

Umri: Foreman ana miaka 25, Ali 32. Uzito: wote uzito wa juu, hakuna aliyejikausha. Mapambano ya kabla: Foreman amemwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili huko Kingston, Januari 1973, kisha akammaliza Norton raundi ya 2 huko Caracas, Machi 1974. Hao wawili ndio pekee waliokuwa wamempiga Ali. Maandalizi: pambano liliahirishwa kutoka 25 Septemba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, kwa hiyo wote wawili walipata wiki nyingine tano, kama kuna aliyeumia kwa kuvurugiwa mazoezi ni Foreman, na hapo ndipo mtu anaweza kukata robo alama. Baada ya kipigo: Foreman alimmaliza Ron Lyle na Frazier kwa mara ya pili mwaka 1976, na 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimpiga Michael Moorer akawa bingwa tena. Hiyo ni 4 kamili kwa Ali.

Watu wanasimulia tu jinsi Ali alivyoegemea kamba, wanasahau raundi ya kwanza. Ali alianza kwa kurusha ngumi ya kulia moja kwa moja bila kutanguliza ya kushoto. Ni hatari, maana mkono wa nyuma unasafiri njia ndefu na unauacha upande wa kulia wazi, lakini Foreman hakuitarajia na ilimpata mara nyingi. Kuegemea kamba kulikuja raundi ya 2. Kulifanikiwa kwa sababu tatu zilizokutana: ngumi za Foreman zilikuwa za kuzunguka, hivyo ziliishia kwenye mikono na viwiko, joto na unyevu vilimmaliza pumzi kufikia raundi ya 5, na Ali hakukaa tu, alijibu usoni sekunde za mwisho za karibu kila raundi. Hadi KO ya raundi ya 8, majaji wote walikuwa wamempa Ali uongozi. Wanaosema alikuwa anapigwa hadi akaokolewa na konde moja wairudie filamu nzima.

Kilo 61
Mimi nina ugomvi na zile 15 za kupanda uzito. Zikitolewa kwa kuhesabu mikanda, tutamdhulumu Henry Armstrong.

Enzi zake kulikuwa na uzito 8, sasa ni 17. Armstrong alichukua unyoya (pauni 126) Oktoba 1937 kwa Petey Sarron, welta (147) tarehe 31 Mei 1938 kwa Barney Ross, na mwepesi (135) tarehe 17 Agosti 1938 kwa Lou Ambers. Yote matatu kwa wakati mmoja, ndani ya miezi kumi. Usiku wa Ross alipanda ulingoni akiwa chini hata ya kikomo cha uzito mwepesi. Mwaka 1940 akatoka sare na Ceferino Garcia akigombea uzito wa kati.

Sasa mchukue Pacquiao, bingwa wa uzito nane. Uweke mfumo wa zamani wa uzito 8 juu ya rekodi yake: pauni 122, 130, 140 na 154 zinafutika maana hazikutambulika kama ubingwa kamili wa wakati ule. Zinabaki flai 112 (Sasakul, 1998), unyoya 126 (Barrera, 2003), mwepesi 135 (David Díaz, 2008) na welta 147 (Cotto, 2009). Nne, na amemruka bantamu. Bado ni maajabu, hakuna mwanadamu mwingine aliyetoka 112 hadi kumpiga Margarito 2010. Ila Díaz hakuwa namba moja wa uzito mwepesi, na Cotto alibanwa kwa uzito wa makubaliano wa pauni 145.

Kwa hiyo napendekeza: hesabu pauni, usihesabu mikanda. Kila pauni 10 alizopanda na kumpiga mtu wa tano bora wa huko, alama 4. Uzito wa makubaliano unakata 1.

Na kuna jambo la mizani. Zamani mtu alipimwa asubuhi ya siku ya pambano. Siku hizi anapimwa siku moja kabla, ana saa zaidi ya 24 za kunywa na kula, anapanda ulingoni mzito kwa kilo kadhaa. Welta wa leo ulingoni ni mtu wa uzito wa kati wa 1950. Ukilinganisha miili ya vizazi hivi bila kukumbuka mizani utakosea kila mara.

Kona Nyekundu
Kanuni ya pauni 10 naichukua kama ilivyo.

Mshika Saa
Wakuu mmesahau raundi. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 hadi kifo cha Duk Koo Kim, aliyepigana na Ray Mancini Novemba 1982. WBC ikapunguza hadi 12 mara baada ya hapo, wengine wakafuata miaka ya mwisho ya 80.

Mfano wa kwanza ni Louis na Billy Conn, 18 Juni 1941. Baada ya raundi 12 majaji wawili walikuwa wamempa Conn, mmoja sare. Raundi ya 13 Conn akaingia kubadilishana makonde, Louis akamlaza. Kwa sheria za leo Louis anapoteza ubingwa usiku ule na zile mara 25 za kutetea hazifiki. Wa pili ni Sugar Ray Leonard na Thomas Hearns, 16 Septemba 1981. Hearns anaongoza kwa wote watatu, anasimamishwa raundi ya 14. Kwa raundi 12, Leonard amepigwa.

Lazima bondia wa raundi 15 asomwe kama mtu aliyegawa pumzi yake kwa dakika 45. Ukiona raundi ya 4 na ya 5 "amelala", huenda anaweka akiba. Hearns hakuweka akiba ya kutosha, ndiyo maana miguu ilimkatikia baada ya raundi ya 12. Hiyo ni kasoro halisi ya Hearns kwa sheria za siku ile.

Mzee wa Ubao
Harry Greb. Bila yeye uzi huu ni nusu.

Ana mapambano karibu 300. Ukifungua rekodi rasmi utakuta mengi yameandikwa "bila uamuzi", na vijana wanadhani ni sare. Majimbo mengi ya Marekani, New York ikiwemo kwa sheria ya 1911 hadi 1917, yalikataza kumtangaza mshindi kwa pointi. Kama hakuna KO, wanahabari wa pembeni ya ulingo waliandika kesho yake nani ameshinda. Kwa hiyo kila pambano la Greb linahitaji magazeti mawili au matatu, na lisiwe gazeti la mji wa bondia mmoja pekee, maana la Pittsburgh lingempendelea Greb. Yakikubaliana, hesabu ushindi kamili. Yakitofautiana, nusu alama.

Tarehe 23 Mei 1922, Madison Square Garden, alimpiga Gene Tunney kwa raundi 15. Tunney hakuwahi kupigwa tena wala kabla, na baadaye alimpiga Dempsey mara mbili. Greb alikuwa mtu wa uzito wa kati, na jicho la kulia lilikuwa limeharibika. Tunney alipewa pambano la marudiano akashinda, na mfululizo wao ulikuwa wa mapambano matano, kwa hiyo huwezi kuchukua la kwanza ukaacha mengine. Ongeza Tommy Loughran, Tommy Gibbons, Mickey Walker 1925. Orodha hiyo inamfikisha Greb kwenye 36 au 37 kati ya 40. Filamu ya pambano lake hata moja haipo, ipo ya mazoezi tu. Hapo mkuu wa uzi ulipoweka alama 10 za filamu, Greb anapata ngapi?

Kona Nyekundu
Asiye na filamu, alama zake 90 zinageuzwa kuwa asilimia. Akipata 81 kati ya 90, ana 90. Hapewi sifuri wala hapewi kumi za huruma.

Mkono wa Kushoto
Kwa hao wenye filamu, tukubaliane namna ya kutazama, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Zima sauti. Mtangazaji akisisimka kwa kila ngumi ya mtu mmoja, sikio linaandika pointi kabla ya jicho. Andika alama ya raundi ndani ya sekunde kumi baada ya kengele, kisha usirudi kuibadilisha. Hesabu ngumi zilizotua kichwani na tumboni, zilizotua kwenye mikono ziache. Usitumie mkusanyiko wa makonde bora. Filamu za kimya za kabla ya 1928 hivi zilipigwa kwa kasi ndogo kuliko zinavyoonyeshwa sasa, ndiyo maana Jack Johnson anaonekana anarukaruka kama kuku. Punguza kasi hadi mwendo wa mwamuzi uwe wa kawaida, ndipo utaona jinsi Johnson alivyokuwa akikamata misuli ya mkono wa mpinzani kabla ngumi haijatoka.

Zoezi zuri ni Pernell Whitaker na Julio César Chávez, 10 Septemba 1993, San Antonio. Chávez anaingia 87-0. Majaji wawili waliandika 115-115, mmoja 115-113 kwa Whitaker, ikawa sare. Itazameni bila sauti. Whitaker anampiga kwa mkono wa mbele, anajitoa kwa hatua ya pembeni nje ya mguu wa kushoto wa Chávez, na Chávez anabaki anapiga hewa au mabega. Kadi nyingi za watazamaji makini humpa Whitaker raundi 8 kati ya 12. Kwa hiyo kwenye orodha yetu huo ni ushindi wa Whitaker, na Chávez anahesabiwa kipigo. Vivyo hivyo Whitaker na Ramírez, Paris 1988. Uamuzi mbovu hauwezi kuongoza hesabu ya miaka yote.

Raundi15
Hapo sikubaliani. Tukianza kufuta maamuzi rasmi kila mtu atafuta ya kwake. Wa Mayweather na Castillo wa Aprili 2002 atafuta, wa Ali na Norton wa 1976 atafuta, wa Leonard na Hagler wa 1987 tutagombana hadi kiama.

Mkono wa Kushoto
Ndiyo maana ya kugawa daraja. Kama pengo la pointi kwenye kadi ya filamu linatofautiana na la rasmi kwa pointi 1 au 2, rasmi inabaki: Leonard na Hagler, Ali na Norton. Castillo wa kwanza ni wa mpakani, na Mayweather alishinda marudiano Desemba ya mwaka huo huo. Tofauti ikifika pointi 3 au zaidi, nusu alama kila upande. Whitaker na Chávez iko hapo, kwa hiyo ule ushindi kamili nilioutaja naushusha kuwa nusu.

Jirani wa Ziwa
Naomba kuuliza kuhusu Waafrika. Azumah Nelson anafika wapi kwa vigezo hivi?

Kilo 61
Anafika mbali kuliko wengi wanavyomweka. Julai 1982 alimkabili Salvador Sánchez, New York, akiwa na mapambano 13 tu na ameitwa kwa muda mfupi. Akasimamishwa raundi ya 15. Hicho ni kipigo kinachostahili kukatwa alama kidogo sana. Desemba 1984 akammaliza Wilfredo Gómez raundi ya 11 nyumbani kwao Puerto Rico. Jeff Fenech wa 1991 ni sare iliyompendelea Azumah, kwa hiyo nusu alama tu. Lakini Machi 1992 akasafiri hadi Melbourne, akamsimamisha Fenech raundi ya 8, akiwa na miaka 33, na Fenech hakuwa amepigwa. Hiyo ni 4. Kwa hesabu yangu yumo ndani ya 50 bora.

Kwa upande wetu wa maziwa, Ayub Kalule wa Uganda anaingia kama mpinzani: alikuwa bingwa wa WBA wa pauni 154 na hajapigwa alipokutana na Leonard huko Houston, 25 Juni 1981, akasimamishwa raundi ya 9. Leonard alipanda kutoka 147, apewe 3. John Mugabi vivyo hivyo kwa Hagler, Machi 1986: alikuwa amewamaliza wote kwa KO, lakini kiasili alikuwa mtu wa 154, kwa hiyo Hagler apewe 3.

Binti Ulingo
Na msitumie namba za BoxRec, ile tovuti ya rekodi za mabondia, kama hukumu. Kompyuta yao ni nzuri kwa kutafuta tarehe na uzito, lakini kanuni ya alama imebadilishwa mara kadhaa na majina hupanda na kushuka nayo. Watanzania tuliona Septemba 2018: Hassan Mwakinyo alimsimamisha Sam Eggington raundi ya 2 Birmingham, akaruka nafasi nyingi kwa usiku mmoja. Ushindi ulikuwa halali na mzuri. Kompyuta iliupima kwa pambano moja, sisi tunapima kumi.

Hapo hapo naomba kuongeza kigezo cha ugenini. Usyk alimpiga Głowacki Poland, Briedis Riga, Gassiev Moscow, Bellew Manchester, Joshua London. Nusu alama kwa kila ushindi mkubwa kwenye uwanja wa mpinzani.

Kona Nyekundu
Nimekubali ya ugenini. Usyk na Crawford tusiwapange bado. Swali la tano linahitaji miaka. Canelo aliyepigwa na Crawford Septemba 2025 tutamjua thamani yake tukiona atakachofanya baadaye. Hili linamgusa Mayweather pia: Canelo wa Septemba 2013 alikuwa na miaka 23 na amebanwa pauni 152, kwa hiyo 2.5. Pacquiao wa 2015 ana miaka 36, alikwisha lazwa na Márquez 2012: 2. Corrales wa Januari 2001, hajapigwa, ameangushwa mara tano: 3.5. Hiyo ndiyo bora yake, na ni miaka 14 kabla ya pambano lililomtajirisha zaidi.

Sugar Ray Robinson naye, ili wanaohesabu vipigo 19 watulie. Hadi Julai 1951 alikuwa 128-1-2 (ushindi, vipigo, sare), kipigo kimoja kwa LaMotta, Februari 1943, na LaMotta alimzidi uzito sana. Alimpiga LaMotta mara tano. Vipigo 18 vilivyobaki vyote vilikuja baada ya kutimiza miaka 30, na vitano vya mwisho 1965 akiwa na 44. Kile cha Joey Maxim, Juni 1952, alikuwa mtu wa uzito wa kati akiongoza kwa kadi zote dhidi ya bingwa wa laiti hevi, joto limepanda hadi mwamuzi Ruby Goldstein akabadilishwa, na Robinson akashindwa kutoka kwa raundi ya 14. Kwenye 20 za vipigo nampa 17. Kwenye 40 nampa 37.

Mzee wa Ubao
Na Charley Burley? Robinson hakupigana naye. Burley alimpiga Archie Moore 1944 kwa pointi akamwangusha zaidi ya mara moja, na hakupewa hata siku moja nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia.

Kona Nyekundu
Burley alipigwa na Charles mara mbili 1942, kwa hiyo hatumwinui juu ya Charles. Kwa Moore nampa 4, na kwenye utawala wa uzito nampa nusu ya alama 15 hata bila mkanda, sawa na nitakavyompa Sam Langford ambaye Johnson alimnyima marudiano. Kwa kutopigana na Burley, Robinson namkata 2 kwenye utawala wa welta. Namba za Robinson zinakuwa: ushindi 37, vipigo 17, utawala 13, kupanda uzito 11 na filamu 9. Ni 87. Weka za Greb tulinganishe.